Majivu Chini ya Bodi

Kila jioni, akishavua sare ya shule na kumaliza uji wake, Wegesa alikuwa anabeba ndoo ya maji ya moto kwa mkono mmoja, mkono wa pili anamshika Bibi Gaudensia kwapani, wanavuka ua pole pole mpaka kwa jirani, Mama Hilda, ili Bibi akaoge. Kwa mtu mwenye miguu mizima ni karibu tu, unapiga chafya umefika. Kwa Bibi ilikuwa safari. Mguu wake ulivunjika huko Butiama, alipoteleza asubuhi akitoka kukamua ng'ombe, akalala pale chini mpaka mtoto wa jirani alipopita kutafuta mbuzi. Daktari akasema mguu uangaliwe mara kwa mara na huyu mama asiishi tena peke yake. Ndiyo akaletwa Bunda, hapa Manyamanyama, kwa binti yake Agness, ambaye ndiye mama yake Wegesa.

Sasa utauliza, nyumba ya kina Wegesa haina bafu? Linalo, tena zuri, lipo ndani. Shida ni kwamba Baba naye anaoga humo humo.

Katika ukoo wa Bibi, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na habari ya kuoga bafu moja hata kuitamka ni aibu. Kuongea wenyewe hawaongei. Baba akiwa sebuleni na Bibi akiwa nje kwenye kigoda chake, Baba anasema, "Wegesa, muulize bibi yako kama amekunywa dawa." Bibi, ambaye masikio yake ni mazima kuliko ya paka, ananyamaza. Anamsubiri Wegesa atoke sebuleni, afike kwenye kigoda, aulize. Halafu anajibu, na jibu linarudi sebuleni kwa miguu ile ile. Robi, rafiki yake Wegesa wa darasa moja, siku ya kwanza kukiona kitu hicho alicheka mpaka akakaa chini. Wegesa hakucheka. Yeye ndiye alikuwa barabara ya wakubwa wawili, na kusema kweli alikuwa anajisikia.

Ila ile safari ya kwa Mama Hilda alikuwa anaichukia. Na jioni moja walikuta Mama Hilda ana wageni, wamejipanga na taulo zao mabegani wanasubiri zamu, na Bibi akasimama pale na mkongojo wake, kitenge kifuani, watu wasiomjua wanampita. Wakarudi nyumbani. Alipokaa ndio akasema, sauti ya chini kabisa, "Mimi nina nyumba yangu, Wegesa. Kama kuoga ni mpaka nipange foleni, narudi kwangu. Nikianguka, nianguke kwangu."

Wegesa alimjibu kwamba haendi popote. Akamjibu kwa ukali, kama vile yeye ndiye bibi. Mtu aliyemjua Bibi Gaudensia alijua kwamba akishasema kitu kwa sauti ya chini, ameshafunga mzigo.

Ndipo wakubwa wakakumbuka bafu la zamani. Katikati ya chumba cha Bibi na chumba cha kulala cha wazazi kulikuwa na kabafu, kamejaa makatoni ya Baba, maana Baba alikuwa na duka la dawa za mifugo huko sokoni. Mjomba Mwikwabe, mdogo wake Mama, alikuja siku moja, akatoa makatoni, akatoboa mlango wa kutokea chumbani kwa Bibi, akabakiza ule wa koridoni, akaziba ule wa upande wa wazazi. Kazi ya fundi huyo ilikuwa dari za jipsamu. Nyumba za wageni, kumbi za harusi, ukiinua macho ukaona maua na taa za rangi, basi Mwikwabe amepita. Na hii kazi alisema haitaki hata soda. Anamjengea mama yake mzazi.

Ukuta mmoja tu ulikuwa na kasheshe, ule wa kati, unaotenga bafu na chumba cha wazazi. Aliyejenga nyumba aliuweka wa mbao na plaiwudi, na plaiwudi ilishaoza, ukiigusa inabaki mkononi kama mkate uliolowa chai. Tofali haziwezi kukaa pale kwa sababu chini hakuna msingi, sakafu ingepasuka. Kwa hiyo Mjomba akafumua ule uozo wote, akabakiza fremu ya mbao nzima, akasema atapigilia bodi nyingine kwa upande wa bafuni, kisha marumaru juu yake. Upande wa pili wa fremu hiyo, karibu kabisa, kulikuwa na kitanda cha wazazi, tena upande wa kichwani, pale Baba anapolalaga.

Mjomba alishusha bodi za jipsamu ya kijani alizobakiza kwenye kazi nyingine. Wegesa akaigonga moja kwa kidole. Akauliza kama hiyo ndiyo itamwagiwa maji kila siku.

"Hii ni ya kijani," Mjomba akamwambia. "Nyeupe ni ya dari, kijani ni ya maji. Waulize mafundi wote wa Mara."

"Na chura naye ni kijani, mjomba. Tumpigilie ukutani?"

Mjomba alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema watoto wa siku hizi wanashibaga sana. Wegesa hakunyamaza. Alimkumbusha dari ya darasa lao, bati lilipovuja, jipsamu ikavimba tumbo kama ng'ombe aliyekula majani mabichi, ikadondokea dawati la mwalimu. Mjomba akasema ile ilikuwa nyeupe. Akasema hii ya kijani inastahimili unyevu, na hapo hakudanganya, inastahimili, lakini unyevu wa hewani siyo kopo la maji linalomwagwa hapo hapo kila asubuhi na kila jioni. Wegesa alikuwa hajui kuliweka hivyo. Alichojua ni kwamba hakubali. Baba alipoingia na kukuta kelele, akamwambia amwachie fundi kazi yake. Toka siku hiyo Mjomba akawa anamwita Fundi Wegesa, mbele za watu, na kila akimwita hivyo Wegesa anapandisha kidevu.

Bibi ndiye alimwita pembeni. Akamuuliza kama ana hakika, au anabisha kwa sababu mdomo unawasha. Wegesa akasema ana hakika. Bibi akasema, basi pima.

Akamfundisha. Zamani, wakinunua chungu, walikuwa hawamsikilizi muuzaji. Wanakijaza maji, wanakiweka juu ya majivu makavu, wanakiacha kilale. Asubuhi wanakiinua. Majivu yakiwa makavu, chungu kizima. Majivu yakiwa na doa, wanamrudishia mwenyewe na maneno yake yote. Wegesa akachukua kipande cha jipsamu ya kijani, na kingine cha kijivu, kizito, alichokiokota kwenye vyuma chakavu vya Mjomba. Hicho cha kijivu ni simenti bodi, kilibaki Mjomba alipotengeneza ukuta wa buchani, kule wanakoosha damu kwa maji mengi kila siku. Akatandaza majivu ya jikoni mahali pawili, nyuma ya nyumba, akalaza vipande juu yake. Juu ya kila kipande akazungusha ukingo wa udongo wa kichuguu, kama bwawa dogo, akajaza maji. Yakipungua, anaongeza. Mjomba alipita akauliza kama anafuga samaki.

Akaviacha hivyo mpaka asubuhi iliyopangwa wakubwa kuja kuangalia. Asubuhi hiyo Wegesa aliamka wa kwanza. Akabonyeza kijani kwa dole gumba, na dole likazama. Ilikuwa laini kama ugali wa moto, na majivu ya chini yalishakuwa tope. Moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akabonyeza ile ya kijivu. Ngumu. Haikuvimba, haikupinda, kona zake zote zilikuwa kali kama ilivyotoka dukani. Akaiinua.

Chini yake kulikuwa na doa.

Siyo tope. Doa tu, jeusi, pana kama kiganja. Maji yalikuwa yamepita pole pole, bila kuiharibu bodi, lakini yamepita. Wegesa alilitazama lile doa kama mtu anayemtazama shahidi aliyemgeuka. Alimsikia kabisa Mjomba kichwani mwake, "Fundi Wegesa, si zote zinapitisha? Tuendelee na yetu." Na wote wangecheka, na jipsamu ingepigiliwa, na Bibi angeoga siku mbili tatu, ukuta ungevimba, angefunga mzigo kweli. Ndani ya nyumba kukasikika mlango. Wegesa akakwangua majivu yenye doa, akayatupa kwenye migomba, akamwaga makavu kutoka jikoni, akayasawazisha kwa kiganja. Akairudisha bodi juu yake.

Wakubwa walikuja na vikombe vya chai mkononi. Wegesa alichoma kidole kwenye kijani mbele ya wote, kikatokea upande wa pili. Mama akaguna. Mjomba akaangalia kidole kile kilichotokea kama kimemtukana. Halafu Wegesa akaigonga kijivu, ko, ko, akainua. Akatangaza kwamba huku chini pakavu kabisa, haipitishi hata tone. Baba alichuchumaa akashika majivu. Akamwambia Mwikwabe, kijana wangu, hapa mtoto amekushinda.

Bibi alikuwa amekaa mbali kidogo, kwa sababu ya Baba. "Majivu umeyaona vizuri?" akamuuliza Wegesa baadaye.

"Nimeyaona."

"Makavu?"

"Makavu, Bibi."

Shuleni siku hiyo Wegesa alimsimulia Robi jinsi Mjomba alivyonyamazishwa. Alisimulia kwa mikono yote miwili. Alipofika kwenye lile doa akalisimulia pia, haraka haraka, kama kitu kidogo. Robi akaacha kutafuna muwa.

"Kwa hiyo umeshinda au umeiba?" akauliza.

Wegesa akamwambia yeye Robi ndiye hajui kitu. Akamwambia bodi ni ngumu, haiozi, na hilo ni kweli tupu. Robi akasema sawa, akaendelea na muwa wake, lakini hakucheka tena hadithi ilipoendelea.

Sasa Mjomba Mwikwabe alikuwa mtu wa hasira za kimya. Alikubali kubadilisha bodi, akapanda gari mpaka Musoma, maduka ya Iringo, akarudi na simenti bodi safi. Jioni, kwenye chakula, akaanza kusimulia. Mama mmoja mwenye duka alimwambia akishapigilia bodi, aunganishe maungio kwa utepe wa wavu, kisha apake rangi nzito ya kuzuia maji, apake tena, ndipo abandike marumaru. Maana bodi hii haiozi, lakini maji inayanywa kidogo kidogo.

"Nikamwambia, mama, hiyo rangi baki nayo," Mjomba akasema, akimwangalia Wegesa kwa jicho la pembeni. "Huko kwetu yupo mtaalamu. Amepima kwa majivu. Haipitishi hata tone. Si ulisema hivyo, Fundi?"

Wegesa alirudisha tonge la wali sahanini. Wote walikuwa wanamtazama wakitabasamu, hata Baba. Akatikisa kichwa juu chini. Akawa ameshakubali.

Usingizi wake siku hizo ulikuwa mbaya. Bodi zilipigiliwa, zikakaa wima, zimenyooka. Kila akipita alikuwa anaona lile doa, na anajua upande wa pili kuna nini. Siyo maji tu. Ni maji ya kuoga ya mama mkwe, yanapita ukutani taratibu, yanamfuata mkwe wake kitandani. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo katika ukoo ule. Siku Bibi akijua, hatafunga mzigo. Ataondoka bila mzigo.

Jumamosi asubuhi Mjomba alikoroga gundi ya marumaru kwenye ndoo. Makatoni ya marumaru yalikuwa yamepangwa mlangoni mwa bafu, upande wa koridoni. Wegesa akaenda akakaa juu yake.

Mjomba akamwambia atoke. Wegesa akasema hatoki mpaka wapake kwanza ile rangi ya dukani. Mjomba akashika kiuno, mwiko bado mkononi.

"Juzi ulikataa kijani. Leo unakataa kijivu. Kesho utataka ya pinki?"

"Nataka rangi ya kuzuia maji, mjomba. Basi."

"Kwa sababu gani? Bodi haipitishi. Wewe mwenyewe ulisema."

Na hapo ndipo alipogundua kitu kibaya. Ubishi wake wote ulikuwa hauna pa kukanyaga. Kila alichosema, Mjomba alimjibu kwa maneno yake mwenyewe. Alisema yule mama wa dukani anajua, Mjomba akasema wewe unajua zaidi. Alisema ni tahadhari tu, Mjomba akasema gundi inakauka. Baba akaja kutoka sebuleni, akamwambia Wegesa asimame mara moja, asimchezee mjomba wake. Wegesa akashika makatoni kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kumkatalia Baba akiwa amemsimamia hivi.

"Sisimami, baba," akasema. "Nipigeni, lakini sisimami. Niliwadanganya. Chini ya ile ya kijivu kulikuwa na doa. Nikayatupa majivu, nikaweka mengine."

Mwiko wa Mjomba ulikuwa unadondosha gundi sakafuni, tap, tap. Uso wa Baba ulibadilika, na Wegesa akajua sasa kipigo kinakuja, lakini kabla hakijaja mkongojo ukasikika nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi. Baba alipousikia, heshima ikamvuta miguu. Akarudi haraka akazungukia chumbani kwake, upande wa pili wa ukuta.

Bibi aliingia bafuni. Hakumuuliza Wegesa kitu. Alimwambia Mwikwabe alete ndoo ya maji na kopo, na alete majivu. Majivu akamwagiza Wegesa ayapeleke chumbani kwa wazazi, ayatandaze juu ya mbao ya chini ya fremu, maana upande ule ulikuwa bado wazi, mgongo wa bodi unaonekana. Wegesa akatandaza, Baba amesimama pale pale, mikono mifukoni. Akarudi. Bibi akaanza kumwagia ukuta maji kwa kopo, pole pole, kopo baada ya kopo, usawa wa mabega, kama mtu anayeoga. Alisema hakuna mtu anayeogaga kwa kujimwagia ndoo nzima mara moja, kwa hiyo ukuta nao upewe maji kama atakavyopewa.

Walisubiri. Bibi akamwagia. Wakasubiri tena.

"Wegesa," sauti ya Baba ikatokea ukutani.

"Abee, baba."

"Mwambie bibi yako, maji yamefika."

Bodi haina unene. Kila mtu alikuwa amesikia. Lakini Wegesa aligeuka, kama alivyofundishwa, akamwambia Bibi kwamba Baba anasema maji yamefika. Bibi akauliza yamefika wapi. Wegesa akaugeukia ukuta, akauliza. Baba akasikika akipapasa shuka.

"Mwambie... yametokea kwenye maungio. Majivu yamelowa. Na tone moja limeanguka kitandani. Pale ninapolaza kichwa."

Bibi aliweka kopo chini. Akakikaza kitenge chake.

"Mwambie baba yako, miaka yote hii sijamshika hata mkono. Siwezi kuanza uzeeni kumwogeshea kitanda."

Wegesa alifungua mdomo apeleke ujumbe, lakini upande wa pili wa ukuta kitu kikapasuka. Baba alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia, ikashindikana, akacheka mpaka akakohoa. Mjomba akaangua naye. Bibi akajifunika mdomo na pindo la kitenge, mabega yanacheza. Tangu Agness aolewe, ilikuwa mara ya kwanza yeye na mkwe wake kucheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukuta ndio ulikuwa katikati yao.

Kicheko kilipoisha, Bibi alianza na mwanawe. Akamwambia Mwikwabe, wewe uliambiwa na mwenye duka, ukasusa, ukataka ukuta uvuje ili mtoto aumbuke. Ungemwogesha mama yako kwenye hasira zako. Mjomba aliinamisha kichwa. Ile gundi aliyoikoroga ilishaanza kukauka kwenye ndoo, akaikwangua, akaitupa, na siku hiyo hiyo akapanda gari tena kurudi Iringo. Aliporudi alisema yule mama wa dukani hakumuuliza kitu, alimpa tu rangi na utepe huku anatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lilimuuma.

Baba hakumpiga Wegesa. Alitamka adhabu yake kutoka sebuleni: ile rangi yote ataipaka yeye, Mjomba akimsimamia, na hatacheza mpaka ukuta uishe. Kwa hiyo bodi zikaachwa zikauke vizuri, maungio yakabandikwa utepe, na Wegesa akapaka. Rangi yenyewe ilikuwa nzito kama maziwa ya mgando. Alipaka kona, akapaka kuzunguka skrubu, ikakauka, akapaka tena kwa kukatisha ile ya kwanza. Mjomba alikuwa anaonyesha mahali alipopitwa na brashi, na alikuwa anaonyesha kwa upole, bila kumwita Fundi.

Bibi alikaa mlangoni kwenye kigoda chake, akimwangalia. Wegesa alipaka mpaka kona moja ikaisha.

"Lakini Bibi," akasema bila kugeuka, "ningewaonyesha lile doa, mjomba angecheka. Angesema zote ni sawa tu. Wangeweka ya kijani."

"Angecheka," Bibi akakubali.

"Sasa ningefanyaje?"

"Ungemwacha acheke. Akimaliza, ungekuwa bado umesimama, na ile ya kijani ingekuwa bado ni uji. Ulikuwa na ukweli mgumu mkononi, mjukuu wangu. Ukaona hautoshi, ukauwekea uongo mdogo nyuma yake. Na pale pale kwenye uongo ndipo maji yalipitia. Umeona mwenyewe. Jumamosi ulikuwa unasema kweli, na hakuna aliyeweza kukusikia."

Wegesa alichovya brashi. Machozi yalikuwa karibu lakini hakuyapa ruhusa. Akasema basi kuanzia sasa hatabisha tena na mtu.

"Nani amekwambia uache kubisha?" Bibi akagonga mkongojo sakafuni. "Bila ubishi wako mimi ningeogea ukuta wa ugali. Mbishie mjomba wako, mbishie baba yako kwa adabu, nibishie hata mimi. Ila bisha na majivu uliyoyakuta, siyo uliyoyamwaga mwenyewe."

Kabla ya marumaru kubandikwa, Bibi alidai ukuta umwagiwe tena, na ukamwagiwa mpaka Mjomba akachoka kuteka maji. Ndipo wakabandika. Marumaru zilikuwa nyeupe, na mstari mmoja wa bluu usawa wa kifua.

Jioni ya kwanza Wegesa hakubeba ndoo kuvuka ua. Alimpelekea Bibi maji ya moto bafuni kwake, akamfungia mlango, akazunguka chumbani kwa wazazi. Baba alikuwa ameacha upande wake wa ukuta wazi kwa ajili ya siku hiyo, na majivu mapya yametandazwa kwenye mbao. Walisikiliza maji yakimwagika, na Bibi akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya pua. Yalipokoma, Baba akainama, akaangalia kutoka kona hii mpaka kona ile.

"Mwambie bibi yako, pakavu."

Wegesa akazunguka mbio. Njiani neno "kabisa" lilimjia mdomoni, tena na "hata tone," yakajipanga yenyewe kama zamani. Akayameza.

"Bibi, baba anasema pakavu."

Bibi alikuwa anajifuta miguu. "Yeye anasema. Wewe umeona?"

Hakuwa ameona. Alikuwa amesimama nyuma ya Baba. Akarudi mbio, akapita chini ya mkono wa Baba, akapiga magoti, akachomeka kidole kwenye majivu kuanzia mwanzo wa mbao mpaka mwisho. Akakipeleka kwa Bibi kikiwa juu kama mshumaa, cha kijivu mpaka kwenye kucha. Akakipuliza mbele yake, na majivu yakaruka yote hewani.